Mfupa Wako au Mfupa wa Marehemu? Mgonjwa Aambiwe Kwanza

Mama mmoja, mwalimu mstaafu, alitujia na maswali yaliyotufanya tuiweke kando mada tuliyokuwa tumeiandaa kwa mwezi huu. Mama huyu alikuwa amepoteza magego mawili ya taya la chini miaka mingi iliyopita. Wanawe wakachanga fedha ili awekewe meno ya kudumu, yale yanayosimikwa ndani ya mfupa kwa skrubu ya madini ya titani. Huko kliniki aliambiwa kwamba taya lake limekonda, kwa hiyo "tutaongeza unga wa mfupa kidogo." Akaitikia. Kazi ikafanyika, na kidonda kikapona vizuri.

Miezi kadhaa baadaye, alipokuwa akipanga karatasi zake, aliona kibandiko kidogo kwenye kadi yake ya matibabu. Binti yake akamsomea. Unga ule ulikuwa mfupa wa binadamu, mtu aliyefariki katika nchi ya mbali.

Mwalimu hakuja kwetu kulalamika kwamba ameumizwa. Alituuliza mambo matatu tu. Kwanza: "Je, naweza kuambukizwa ugonjwa?" Pili: "Yule marehemu alikubali?" Tatu: "Kwa nini sikuambiwa?"

Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo. Mfupa wa marehemu uliotayarishwa ipasavyo si kitu cha kuogopwa, na mara nyingi humwepusha mgonjwa na kidonda cha pili kisicho cha lazima. Lakini daktari anayeutumia bila kumwambia mgonjwa amekosa, hata kama kazi ya mikono yake imefanikiwa. Tutaeleza kwa nini tunasema hivyo.

KWA NINI TAYA HUKONDA

Mfupa unaoshika meno huishi kwa kazi. Kila tunapotafuna, mzizi wa jino husukuma mfupa, nao mfupa hujijenga upya. Jino likishang'olewa, mfupa ule hauna kazi tena, na mwili huanza kuuondoa. Katika mwaka wa kwanza baada ya kung'oa, upana wa tuta la mfupa mahali pale waweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika miezi mitatu ya mwanzo. Ndiyo sababu bibi asiye na meno kwa miaka mingi huonekana mashavu yameingia ndani na kidevu kimesogea mbele. Meno ya bandia ya kuvaa na kuvua hayazuii jambo hilo, maana hukaa juu ya ufizi tu.

Meno ya kusimika yalitokana na jambo lililoonekana bila kutafutwa. Mnamo mwaka 1952 huko Sweden, mtafiti aliyeitwa Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mfupa wa sungura, akitumia kifaa kidogo cha titani. Alipotaka kukitoa, kikagoma. Mfupa ulikuwa umeshikamana nacho kabisa. Mwaka 1965 akamsimikia mizizi ya titani mtu wa kwanza, Gösta Larsson, aliyezaliwa na kasoro ya taya. Mizizi ile ilimfaa mgonjwa huyo mpaka alipofariki mwaka 2006. Baada ya mkutano wa wataalamu uliofanyika Toronto, Kanada, mwaka 1982, njia hiyo ilienea duniani, na leo inapatikana pia katika kliniki za miji yetu mikubwa.

Lakini skrubu haiwezi kusimama hewani. Mzizi wa bandia wa kawaida una unene wa milimita 4 hivi, nao unataka ukuta wa mfupa wa milimita moja na zaidi kila upande. Mtu ambaye tuta la taya lake limebaki milimita 3 hana mahali pa kuusimika. Kwa taya la juu kuna shida nyingine: juu ya magego kuna chumba cha hewa kiitwacho sinasi, na mfupa unaokitenga na kinywa waweza kuwa mwembamba kama ganda la yai. Hapo ndipo daktari anapolazimika kuongeza mfupa kabla ya kusimika chochote, au wakati uleule wa kusimika.

Mfupa huo utoke wapi? Upo wa mgonjwa mwenyewe, upo wa marehemu, upo wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukabaki madini matupu, na upo unaotengenezwa kiwandani. Leo tunazungumzia hiyo miwili ya kwanza, maana ndiyo inayohusu mwili wa mwanadamu na hiari yake.

MFUPA WA MGONJWA MWENYEWE

Kwa miaka mingi madaktari wameuhesabu mfupa wa mgonjwa mwenyewe kuwa ndio kipimo cha kuipimia mifupa mingine yote. Sababu ni kwamba una mambo matatu kwa pamoja. Una seli zilizo hai zinazoweza kujenga mfupa mara moja. Una viini vya protini vinavyoziita seli nyingine zije kujenga. Na una umbo la mfupa lenyewe, ambalo mishipa mipya ya damu hupenya ndani yake kama mboga itambaayo kwenye uchanja. Zaidi ya hayo, mtu hawezi kujiambukiza ugonjwa ambao hana, wala mwili haukatai kilicho chake.

Kwa kazi ndogo, daktari huchukua mfupa kinywani humohumo: kwenye kidevu, au nyuma ya magego ya mwisho, mahali taya linapopanda kuelekea sikioni. Kwa kazi kubwa, kwa mfano mtu aliyepoteza sehemu ya taya kwa ajali au kwa uvimbe, huchukuliwa mfupa wa nyonga, pale tunapofungia mkanda, au mfupa wa mguu chini ya goti, au hata wa fuvu la kichwa.

Basi, ubaya wake ni nini? Ni kwamba mgonjwa aliyekuja na tatizo moja huondoka na vidonda viwili. Kukata mfupa kidevuni kwaweza kugusa mishipa midogo ya fahamu, na wapo wanaobaki na ganzi ya kidevu au ya meno ya mbele ya chini kwa miezi mingi. Wachache haiwaishi kabisa. Nyuma ya magego hatari hiyo ni ndogo zaidi, lakini mfupa unaopatikana huko si mwingi. Kuchukua mfupa wa nyonga kwa kawaida huhitaji nusukaputi na kulazwa hospitalini, na mgonjwa huweza kuchechemea kwa wiki kadhaa. Kwa mkulima au mama anayebeba maji kichwani, wiki kadhaa za kuchechemea ni jambo zito.

Tena tusidhani kwamba mfupa wa mtu mwenyewe ukiwekwa hubaki kama ulivyo. Mwili huula sehemu yake unapoujenga upya. Ule wa nyonga, ulio laini kama sifongo, huliwa zaidi kuliko ule mgumu wa taya. Ndiyo maana daktari mzoefu huweka zaidi ya anavyohitaji, wala hangoji muda mrefu mno kabla ya kusimika mzizi. Aghalabu ni miezi minne hadi sita.

MFUPA WA MAREHEMU

Kuhamisha mfupa kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine si jambo jipya. Mnamo mwaka 1880 huko Glasgow, Uskochi, daktari William Macewen alimtengenezea mtoto mfupa wa mkono ulioharibiwa na ugonjwa, akitumia vipande vya mifupa vilivyokatwa kwa watoto wengine waliokuwa wakinyoshwa miguu iliyopinda kwa matege. Mwaka 1949 jeshi la wanamaji la Marekani lilianzisha benki ya tishu huko Bethesda, na hapo ndipo njia za kugandisha na kukausha mifupa ya marehemu zilipokuzwa. Mwaka 1965 daktari Marshall Urist alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini ya chokaa, ukiwekwa hata ndani ya msuli wa mnyama, huweza kuufanya mwili uote mfupa mpya mahali hapo. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari wa meno wakaanza kuutumia unga wa mfupa wa namna hiyo.

Hutayarishwaje? Mfupa hutolewa kwa marehemu katika usafi kama wa chumba cha upasuaji. Historia ya maisha na magonjwa yake huulizwa kwa ndugu zake. Damu yake hupimwa Ukimwi, homa ya ini aina ya B na ya C, na kaswende. Kisha mfupa huoshwa mafuta, damu na seli zote, hutiwa katika dawa, hugandishwa na kukaushwa, na mara nyingi hupigwa mionzi ya gama. Mwishoni huwa ama unga wenye chembe kama za chumvi ya mawe, ama kipande kigumu cha kuchongwa. Kila chupa hupewa namba inayoweza kufuatiliwa mpaka kwa marehemu mmoja. Namba hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kibandiko cha mwalimu wetu.

Kwa kuwa seli zote zimeondolewa, mwili wa mpokeaji hauukatai mfupa huo kama unavyoweza kukataa figo, wala mgonjwa hahitaji kumeza dawa za kupunguza kinga. Lakini kwa sababu hiyohiyo, mfupa huo haujengi wenyewe. Ni uchanja tu. Seli za kujenga lazima zitoke kwenye taya la mgonjwa, zipande polepole, zibomoe mfupa wa mgeni na kuweka wa mwenyeji. Kazi hiyo huchukua muda zaidi, mara nyingi miezi sita au zaidi, na baada ya muda huo bado chembe nyingine za mfupa wa marehemu huonekana chini ya hadubini.

Katika njia zote mbili, aghalabu daktari hufunika mahali pale kwa utando maalumu. Ufizi huota upesi kuliko mfupa, na usipozuiwa utajaza nafasi ile kabla mfupa haujafika.

UPI UNASHIKA VIZURI ZAIDI?

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kwa kifupi kwamba "cha kwako ndicho bora." Ni kweli kwa maabara, lakini si kweli daima kwa mgonjwa.

Kwa kazi ndogo, kama vile kujaza tundu la jino lililong'olewa leo, kunenepesha tuta lililopungua milimita mbili tatu, au kuinua sakafu ya sinasi, tafiti zilizolinganisha njia hizi hazikuona tofauti kubwa katika idadi ya mizizi ya bandia inayobaki imara. Sasa kama matokeo yanakaribiana hivyo, kwa nini tumkate mtu kidevu? Kumwongezea mgonjwa kidonda ambacho hakimwongezei faida si ujasiri wa daktari. Ni mazoea tu.

Kwa kazi kubwa mambo hubadilika. Taya lililopoteza urefu mwingi, taya lililokatwa kwa uvimbe, mahali palipokwisha kufanyiwa kazi ikashindikana, na mahali penye damu chache, huhitaji seli zilizo hai. Vipande vikubwa vya mfupa wa marehemu hufunuka na kuoza kwa urahisi zaidi vinapowekwa mahali kama hapo. Mgonjwa wa namna hiyo akiambiwa kwamba unga wa chupa utatosha, kwa sababu tu hospitali haina vifaa vya kuchukua mfupa wa nyonga, amepunjwa. Apelekwe kwa wapasuaji wa kinywa na taya katika hospitali kubwa.

Tena kuna mambo ambayo uchaguzi wa mfupa hauyaponyi. Mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mwenye ufizi unaotoa usaha, na mtu aliyepigwa mionzi ya saratani kwenye taya, wote wako katika hatari ya kupoteza mfupa wowote utakaowekwa, uwe wa kwao au wa marehemu. Anayetumia dawa za kuimarisha mifupa au za saratani iliyoingia mifupani amwambie daktari kabla hajaguswa taya, maana baadhi ya dawa hizo huweza kulifanya taya lisipone.

SWALI LA KWANZA: JE, NITAAMBUKIZWA?

Tulimjibu mwalimu kwa ukweli: hatari ni ndogo sana, lakini si sifuri, na inategemea jinsi mfupa ulivyotayarishwa.

Mwaka 1985 kijana mmoja aliuawa kwa risasi katika jimbo la Virginia, Marekani. Alikuwa ameambukizwa virusi vya Ukimwi muda mfupi tu kabla ya kufa, na vipimo vya wakati ule havikuvigundua. Viungo na tishu zake zikagawiwa watu wengi. Ilipogundulika baadaye, wote wanne waliopokea viungo vyake walikuwa wameambukizwa, na pia watu watatu waliowekewa mifupa yake iliyogandishwa bila kusafishwa. Lakini waliopimwa kati ya wale waliopokea tishu zilizokaushwa au kutiwa dawa hawakuambukizwa. Mtu ni yuleyule na virusi ni vilevile. Tofauti ilikuwa matayarisho.

Jambo kama hilo likajirudia kwa ugonjwa tunaoujua vizuri huku kwetu. Mwaka 2021 huko Marekani, wagonjwa 113 waliwekewa, wengi wao katika uti wa mgongo, mfupa uliotoka kwa marehemu mmoja aliyekuwa na vimelea vya kifua kikuu, na wengi wao wakaugua. Mwaka 2023 likatokea tena kutoka kwa marehemu mwingine, na watu wakafa. Katika mikasa yote miwili mfupa ulikuwa wa aina inayouzwa ikiwa na seli hai ndani yake. Watengenezaji walitaka kuupa mfupa wa marehemu ile nguvu ya mfupa wa mgonjwa mwenyewe. Kwa kuziacha seli hai, mlango ukabaki wazi kwa vimelea pia.

Funzo ni jepesi. Unga uliooshwa, ukakaushwa na kupigwa mionzi ni jambo moja. Mfupa mbichi ni jambo jingine. Mgonjwa ana haki ya kujua amepewa upi.

SWALI LA PILI: JE, MAREHEMU ALIKUBALI?

Swali hili lilitugusa kuliko yote, maana mwalimu hakuwa akijiulizia yeye. Alikuwa akimwulizia mtu asiyemjua.

Wengi wetu tunawajua Watakatifu Kosma na Damiani, wasimamizi wa madaktari, tunaowakumbuka tarehe 26 Septemba. Masimulizi ya kale husema kwamba walimtokea mtumishi mmoja wa kanisa huko Roma aliyekuwa na mguu uliooza, wakaukata, wakamwekea mguu wa Mwafrika aliyezikwa siku ileile. Wachoraji wa Ulaya walilipenda sana simulizi hilo. Mtumishi aliamka akiwa mzima, akafurahi. Simulizi halisemi kama yule Mwafrika aliulizwa alipokuwa hai, wala kama ndugu zake walijua.

Tungependa kusema kwamba hayo ni ya zamani. Lakini miaka ya 2000 huko New York na New Jersey, mtu aliyeitwa Michael Mastromarino, ambaye zamani alikuwa daktari wa upasuaji wa kinywa, alifungua kampuni ya kukusanya tishu. Alishirikiana na wenye nyumba za mazishi, wakawa wanatoa mifupa ya maiti kwa siri, zaidi ya maiti elfu moja. Saini za ndugu zilighushiwa. Umri wa marehemu ulipunguzwa, na sababu za kifo zikabadilishwa. Miongoni mwa walioibiwa mifupa ni Alistair Cooke, mtangazaji mashuhuri wa redio aliyefariki mwaka 2004 akiwa na miaka 95 kwa saratani iliyokuwa imeingia mpaka mifupani. Karatasi zilisema alikuwa na miaka 85 na kwamba alikufa kwa moyo. Mifupa iliyoibwa kwa njia hiyo ilifika kwa wagonjwa wengi, wakiwemo waliosimikiwa meno. Kampuni ilifungwa mwaka 2006, na mwaka 2008 Mastromarino akahukumiwa kifungo cha miaka mingi. Alifia kifungoni mwaka 2013.

Angalieni jinsi mambo haya mawili yanavyofungamana. Pale ambapo marehemu hakuombwa ridhaa, hapakuwa na ndugu wa kuulizwa habari za ugonjwa wake. Aliyeiba saini ndiye aliyedanganya pia kuhusu saratani. Kwa hiyo ridhaa ya marehemu ni sehemu ya usalama wa aliye hai, mbali na kuwa heshima kwa wafu.

Fundisho la Kanisa hapa halina utata. Kutoa viungo baada ya kufa ni tendo jema la upendo, ili mradi mwenyewe, au walio na haki ya kusema kwa niaba yake, wamekubali waziwazi. Papa Yohane Paulo wa Pili, alipozungumza na wataalamu wa upandikizaji huko Roma tarehe 29 Agosti 2000, alisifu zawadi hiyo, na papo hapo akakataa kabisa kuugeuza mwili wa binadamu kuwa bidhaa. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 1984 inakataza kununua na kuuza viungo, na imeutaja mfupa kwa jina. Kinachoruhusiwa ni kulipia gharama za matayarisho. Lakini gharama hizo zinapokuwa juu, na chupa zikawa na matangazo ya biashara yenye rangi za kuvutia, si rahisi kuona zawadi inaishia wapi na bidhaa inaanzia wapi. Hilo ni jukumu la wenye mamlaka. Mgonjwa peke yake halimudu.

Tulimwambia mwalimu kwamba benki za tishu zinazofuata sheria huwa na saini ya ridhaa kwa kila marehemu, na kwamba kwa namba ile ya kibandiko kliniki yake inaweza kuuliza mfupa umetoka benki gani.

SWALI LA TATU: KWA NINI SIKUAMBIWA?

Kwa swali hili hatuna jibu la kuwatetea wahusika.

Tumesikia hoja mbili. Ya kwanza husema kwamba watu wetu wanaogopa maiti, na wakiambiwa watakataa matibabu yanayowafaa. Sisi tunasema kwamba hofu huondolewa kwa maelezo. Mtu anayekubali kuongezewa damu ya jirani aweza kueleweshwa kuhusu mfupa uliooshwa na kukaushwa. Na kama baada ya kueleweshwa bado hataki, kwa sababu ya mila ya kwao au kwa sababu moyo wake tu hautaki, mwili ni wake. Zipo njia nyingine, ukiwemo mfupa wake mwenyewe.

Hoja ya pili husema kwamba neno "unga wa mfupa" si uongo. Kweli si uongo. Lakini ukimkaribisha mgeni nyama bila kumwambia ni ya mnyama gani, hali unajua ipo ambayo haili, hutajitetea kwa kusema kwamba umemwambia ni nyama. Mgonjwa hutia saini kwa kile anachokielewa, na asichokielewa hajakitilia saini.

Twaongeza jambo moja ambalo halisemwi sana. Upande wa pili nao hufichwa. Wapo wagonjwa wanaoambiwa kwamba mfupa wao wenyewe ndio bora bila kuambiwa habari za ganzi ya kidevu wala za kuchechemea. Huko nako ni kumnyima mtu ukweli, ingawa hakuna marehemu anayehusika.

MAMBO YA KUFANYA

Msomaji wetu anayefikiria kusimikiwa meno, au anayelipiwa na ndugu aliye nje, aulize maswali haya kabla ya kulipa:

1. Je, ni lazima niongezewe mfupa, au kuna njia nyingine, kama vile daraja la meno au meno ya kuvaa?

2. Mfupa huo unatoka wapi: kwangu, kwa binadamu mwingine, kwa mnyama, au kiwandani?

3. Kama ni kwangu, mtakata wapi, na madhara yake ni yapi?

4. Kama ni wa marehemu, unatoka benki gani, umekaushwa na kupigwa mionzi au una seli hai, na je, nitapewa kibandiko chenye namba?

5. Mfupa usiposhika, nani atabeba gharama ya kurudia?

Daktari anayekasirishwa na maswali haya si daktari wa kumkabidhi taya lako. Daktari mwema atayafurahia.

Kwa wale ambao bado wana meno yao, ushauri wetu ni wa siku zote. Mfupa ulio bora kuliko wako na kuliko wa marehemu ni ule ambao haujaondoka bado. Jino linaloweza kuzibwa lizibwe, lisikimbiliwe kung'olewa kwa sababu kung'oa ni rahisi. Na kama halina budi kung'olewa, nawe una nia na uwezo wa kuweka jingine la kusimika, mwulize daktari siku hiyohiyo kuhusu kuuhifadhi mfupa. Usingoje miaka kumi. Asiye na uwezo huo asione haya kuvaa meno ya bandia yaliyotengenezwa vizuri. Yamewasaidia wengi kula na kucheka.

Mwalimu wetu alirudi kliniki na kibandiko chake. Alipewa jina la benki, akaonyeshwa kwamba mfupa ule ulikaushwa na kupigwa mionzi, na daktari akamwomba radhi. Meno yake sasa yamesimama, anatafuna mahindi ya kuchoma. Mwezi wa Novemba, tulipokuwa tukikusanya majina ya marehemu wa kuombewa, aliandika wazazi wake, mumewe, na mstari wa mwisho akaandika: "na yule aliyenipa mfupa." Alisema kwamba laiti angeambiwa mapema, angekuwa ameanza kumwombea tangu siku ile ya kwanza.